Mume ameona nusu eka Chanika, mimi nawaza zamu za usiku. Tuhamie wapi?

Anti, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya umma katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, ana karakana yake Buguruni, anatengeneza mageti na madirisha. Tumepanga Mabibo, vyumba viwili na sebule. Tuna watoto wawili: mkubwa yuko darasa la sita, mdogo anaanza la kwanza Januari. Tunaishi pia na mama mkwe, ambaye ana sukari na presha na kila mwezi anahudhuria kliniki. Nyumba haitutoshi tena, na kila kodi inapoisha baba mwenye nyumba anaongeza.

Tumejibana mpaka tumefikisha milioni 14. Sehemu ni akiba ya mume wangu, sehemu ni mkopo wangu wa SACCOS ya kazini ambao nitaulipa kwa miaka mitatu. Mume amepata kiwanja Zingiziwa, kule Chanika, nusu eka kwa milioni 10. Amekipenda mno. Yeye amekulia kwao Songea kwenye uwanja mpana, na anasema hataki watoto wake wakue wakichezea koridoni. Anataka kufuga kuku, apande miembe, na baadaye ahamishie karakana nyumbani. Tulikwenda kukiona Jumapili kwa gari la rafiki yake, tukafika vizuri tu. Dalali anasema lami inakuja, umeme uko "hapo mbele", na mwendokasi (mabasi yenye njia yake peke yake) ya Gongo la Mboto ikianza, mjini itakuwa nusu saa. Kutoka barabara kubwa hadi kiwanjani bodaboda anachukua shilingi 2,000.

Mimi moyo wangu uko Kwembe, upande wa Kibamba. Mwenzangu wa kazini anaishi huko na amenionyesha kiwanja cha mita 20 kwa 20, milioni 13. Najua tukikinunua hatubaki na hela hata ya msingi. Mume wangu anasema nimefuata mkumbo, na kwamba nataka kununua korongo kwa bei ya tambarare. Shemeji yangu naye anatuvuta Kigamboni alikojenga yeye.

Anti, kinachonisumbua ni zamu. Ya asubuhi naingia saa 1:30. Ya jioni natoka saa 2 usiku. Nikilisema hilo naambiwa mbona wako wanawake wengi wanaokaa Chanika na kazi zao ziko Posta. Ni kweli wapo. Ila nikiwaza ile njia ya ndani usiku, nikiwa peke yangu na bodaboda nisiyemjua, mwili unanisisimka. Mama mkwe hajasema lolote.

Dalali anataka milioni 5 za kuanzia Jumamosi hii, la sivyo kuna mtu mwingine. Karatasi iliyopo ni mkataba wa mauziano wa mwenye shamba, una muhuri wa serikali ya mtaa. Sitaki niwe mke aliyemkatalia mume nyumba. Nifanyeje?

Mama Wawili, Mabibo

*

Marahaba, mdogo wangu.

Jumamosi msilipe. Zingiziwa si pabaya, na watu wanaishi huko na kulea watoto. Ila mnachouziwa bado hamkijui. Mwenyekiti wa mtaa anaposaini na kugonga muhuri, anashuhudia tu kwamba fulani na fulani wameuziana mbele yake. Muhuri ule haumpi mtu umiliki. Mashamba ya pembezoni yakikatwa na wenyewe, barabara za ndani hupimwa kwa hatua na kamba, na siku halmashauri inapoleta mchoro wa mipango miji, mtu anakuta chumba chake cha kulala kiko katikati ya barabara au kwenye eneo lililotengewa shule. Mume wako aende ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji, maana Zingiziwa iko huko, aulize kama eneo limeshapangwa na hapo palipo kiwanja mchoro unasemaje. Kama limepimwa, muuzaji atoe namba ya kiwanja, na mfanye upekuzi kwa msajili wa hati ili mjue jina la mmiliki na kama kuna mkopo umewekewa dhamana. Muuzaji mwenye mali yake atawasubiri siku chache. Na maneno ya kwamba kuna mtu mwingine msiyaogope, dalali huyasema hata pale ambapo hakuna mtu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mmekwenda kukiona kiwanja Jumapili, kwa gari la rafiki, jua likiwaka. Siku hiyo haimo katika maisha mtakayoishi pale. Chukueni Jumanne ya mwezi wa nne, masika yamechanganya, muipitishe kwa kila mtu wa nyumba yenu tangu anapofumbua macho.

Anza na wewe. Ili uwe wodini saa 1:30, ukitokea ndani ya Zingiziwa utakuwa juu ya bodaboda alfajiri na mapema, bado giza. Ufike Chanika upate daladala, upite Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, kisha uingie kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, ambako kuanzia uwanja wa ndege kuelekea Tazara magari husogea kwa kuvizia. Jioni ndiyo kabisa: unatoka saa 2, unagombania gari na wenzio, unashuka Chanika usiku umekwenda, na safari ya ndani bado. Hiyo mwendokasi anayoisema dalali ni kweli imepangwa kwa Barabara ya Nyerere, lakini inaishia Gongo la Mboto. Kutoka hapo hadi Chanika kuna kipande kirefu, na kutoka Chanika hadi kwako kuna kingine. Nusu saa hiyo haipo.

Halafu ile 2,000 ya bodaboda, ambayo umeitaja kama jambo dogo. Elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi. Ukiingia kazini siku 24 kwa mwezi ni shilingi 96,000. Kwa mwaka ni 1,152,000. Kwa miaka tisa ni 10,368,000, yaani mmekinunua tena kiwanja chote na juu yake chenji. Hapo sijaweka daladala, sijaweka mtoto, sijaweka mama mkwe kwenda kliniki, na unajua wewe mwenyewe bodaboda usiku wa mvua hataki 2,000. Ardhi ya mbali huonekana rahisi kwa sababu bei yake imekatwa vipandevipande, ikafichwa kwenye nauli.

Na huo mwili unaosisimka usiuonee haya. Mume akisema atakufuata barabarani, muulize kwa upole ni siku ngapi kwa wiki ataweza, maana naye anafunga karakana jioni na naye yuko kwenye foleni hiyohiyo. Wanawake wanaotoka Chanika kwenda Posta wapo, nawaheshimu sana, lakini wengi wao hawana zamu inayoisha saa 2 usiku, na wengine wanaishi kandokando ya lami.

Mtu ninayemfikiria zaidi katika barua yako ni yule ambaye hajasema kitu. Mama mkwe ndiye atakayekaa kwenye hiyo nusu eka tangu ninyi mnatoka gizani mpaka mnarudi gizani. Ana sukari. Ikishuka saa 5 asubuhi, nani yuko karibu? Jirani wa kwanza yuko umbali gani, na ana mtu nyumbani mchana? Mabibo mnalalamikia kubanana, ila mama akipaza sauti wanaitika watu watatu. Uwanja mpana mume wako anaoukumbuka Songea ulikuwa na shangazi, binamu na majirani ndani yake. Nusu eka mpya kati ya mapori ya viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga ni kitu kingine kabisa. Mwambieni mama aseme anachokitaka, na mumuulize yeye kwanza kabla ninyi hamjaanza kutetea pande zenu. Mara nyingi mzee hukaa kimya kwa kuogopa kuonekana anamgawa mwanawe na mkewe.

Mtoto wa darasa la sita mwakani yuko la saba. Msimhamishe katikati ya mwaka wa mtihani. Hilo peke yake linawapa muda wa kutokukimbizwa na dalali.

Nimtendee haki na mume wako. Karakana yake iko Buguruni, na kwa mtu wa Buguruni barabara ya Pugu na Chanika inanyooka. Hajachagua Chanika kwa ukaidi. Tena bei anayoisema ni ya kweli: milioni 10 kwa nusu eka hamtaipata Kibamba, na mtabaki na milioni 4 za kuanzia ujenzi. Ila yeye ni bosi wa karakana yake, akichelewa nusu saa geti la mteja litasubiri. Wewe ukichelewa kuna mwenzio aliyekesha anayekusubiri umpokee wagonjwa. Kwenye nyumba yenye kazi mbili, mahali pa kuishi hupimwa kwa ile kazi isiyo na nafasi ya kuchelewa. Na ikiwa kazi hiyo ndiyo inayolipa mkopo wa SACCOS, mambo yakiharibika njiani hata kiwanja kitayumba.

Kwa hiyo kwa zamu zako naegemea upande wa Barabara ya Morogoro. Mwendokasi ilianza Mei 2016 ikiishia Kimara, na kutoka Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa. Kituo cha mabasi ya mikoani kipo Mbezi Luis tangu 2021, na kwa sababu ya abiria wanaoingia na kutoka pale, njia hiyo ina watu na magari mpaka usiku. Kwa mwanamke anayetoka kazini saa 2, watu barabarani ni ulinzi. Kliniki ya mama nayo si tatizo kubwa, Hospitali ya Mloganzila iko huko huko Kwembe. Lakini usinunue kiwanja kwa matumaini ya kuhamishiwa huko kikazi. Uhamisho unaombwa, haununuliwi pamoja na kiwanja. Na mvua kubwa ikipiga, bonde la Jangwani, ambako mwendokasi hiyo hupita, hufurika na mabasi hukwama au kuzungushwa, hilo ulihesabu.

Hata hivyo kiwanja cha Kwembe ulichoonyeshwa sikupi baraka nacho. Mume wako ameligusa jambo la maana aliposema korongo. Ardhi ya Kibamba na Kwembe ni vilima na mabonde. Mita 400 za mraba kwenye mteremko zinaweza kukupa sehemu ndogo tu ya kujenga, iliyobaki ukaizika kwenye ukuta wa kuzuia udongo. Nendeni mvua ikinyesha, msimame pale, muone maji yanatokea wapi na yanaelekea kwa nani. Kama kuna mto au mfereji wa asili karibu, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na hata kama hakuna atakayewabomolea, maji hula kingo kila masika. Waliokuwa Bonde la Msimbazi wanajua: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi yao walipelekwa kuanza upya Mabwepande, na miaka michache baadaye waliobaki wakabomolewa.

Barabara ile ile ninayoisifia ina historia yake. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Wengine walikuwa wamejenga ghorofa, wengine walikuwa na karatasi zao. Kiwanja chochote mtakachoonyeshwa karibu na Morogoro, hakikisheni umbali huo na TANROADS, wakala wa barabara kuu, kabla ya kutoa hata laki moja.

Na maji. Bomba kubwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu linapita ukanda huo, wauzaji watawaambia "maji yapo". Bomba kupita ni jambo moja, maji kutoka kwenye koki yako kilimani ni lingine. Waombeni majirani wawaonyeshe bili zao za DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, za miezi ya karibuni na muwaulize maji hutoka siku gani. Ukiona kila nyumba imeweka matenki makubwa mawili, umeshajibiwa. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua kwa ukame, jiji zima liliingia kwenye mgao, na waliokuwa mwisho wa bomba ndio waliokauka kwanza. Zingiziwa mtategemea kisima zaidi. Onjeni maji ya visima vya jirani, maana katika jiji hili kuna mahali unachimba kwa gharama unapata maji ya chumvi. Umeme ulio "hapo mbele" uhesabiwe kwa nguzo: bei ya kuunganishwa hupanda kila nguzo inapoongezeka. Udongo nao mwiteni fundi msingi achimbe shimo la kiunoni. Mfinyanzi mweusi hupasua kuta, na dawa yake ni msingi wa gharama ambao milioni 4 haitaumaliza.

Nina wazo ambalo hamjalitaja. Kuna barabara inayounganisha Mbezi na Banana kwa kupitia Malamba Mawili na Kinyerezi. Mkiishi katikati ya njia hiyo, wewe utaelekea Mbezi ukapande gari la Barabara ya Morogoro, mume wako atashuka Kinyerezi, apite Segerea na Tabata, afike Buguruni bila kuzunguka jiji. Kinyerezi yenyewe imepanda bei sana, na kwa milioni 14 sidhani kama mtapata kitu cha maana kando ya lami. Lakini sioni kwa nini mnaruka moja kwa moja kutoka kupanga Mabibo hadi kununua mahali ambapo hamjawahi kulala. Mtoto akishamaliza mtihani wake wa la saba, pangeni Malamba Mawili au Msigani kwa miezi sita, mhakikishe masika yamo ndani yake. Vyumba huko mara nyingi ni nafuu kuliko Mabibo. Mtajua foleni halisi, mtajua mitaa inayojaa maji, mtajua mwenyekiti gani ana migogoro ya ardhi. Viwanja vizuri huuzwa na mtu anayemwambia jirani yake kabla dalali hajasikia, na ninyi mtakuwa majirani.

Ikiwa mume wako bado atakuwa anaumwa na upande wa Chanika, mwambie atazame Buyuni. Ilipimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, pamoja na Kibada, Toangoma, Bunju na kwingine. Kiwanja kitakuwa kidogo kuliko hiyo nusu eka, ila kina namba, na barabara zake zilichorwa kabla watu hawajajenga. Huko zamu zako zitabaki kuwa ngumu, silifichi hilo. Kigamboni ya shemeji si wazo baya kwa mtu anayefanya kazi mjini, maana pantoni inashusha Kivukoni kabisa, na Daraja la Nyerere lipo tangu 2016. Tatizo ni kwamba maisha yako yatategemea kivuko siku zote, na daraja lina tozo. Kwa mume wa Buguruni mwenye kubeba vyuma, hiyo ni gharama ya kila mzigo.

Namna ya kumwambia: usimwambie Chanika ni mbali. Hilo ameshalisikia na ameshaandaa majibu. Mwombe mwende wote wawili, siku ya kazi, mlale kwa mtu mnayemfahamu Chanika au mtoke Mabibo usiku, muanze safari pale kiwanjani alfajiri kwa bodaboda na daladala mpaka mlango wa hospitali yako. Kisha jioni mrudi tena mpaka kiwanjani, giza likiwa limeingia. Fanyeni vivyo hivyo kwa Kwembe, ila safari hiyo iishie Buguruni, ili na wewe uyaone yake. Baada ya hapo mkae mezani na karatasi: bei ya kiwanja, msingi, nauli ya kila mtu kwa mwaka, na saa za kulala za kila mtu. Na usisahau kuku na miembe. Hizo ni ndoto za haki, na mita 400 zinabeba banda la kuku na mwembe mmoja. Karakana nyumbani ndiyo haibebwi, hilo mlizungumze bila kudanganyana.

Popote mtakaponunua, mkataba na baadaye hati viandikwe majina yenu wawili. Mkopo ni wako, akiba ni yake, watoto ni wenu. Asikwambie mtu kwamba kulitaja hilo ni kutomwamini mume. Litaje mapema, kabla fedha hazijatoka, mbele ya mama mkwe kama inawezekana.

Dalali apigiwe simu kesho, si Jumamosi. Aambiwe mnataka nakala ya mkataba wa kwanza wa shamba, namba ya kiwanja kama ipo, na majina ya majirani wa pande nne, na kwamba fedha zitazungumzwa baada ya ofisi ya ardhi kujibu. Majibu yakitoka niandikie. Wako wasomaji wengine wanaotazama viwanja Zingiziwa na Kwembe, na ningependa nao wajue mchoro ulisema nini.